Sikio la Bima na Mtani Wangu Haule

Gari langu lilikuwa bado limesimama mbele ya lango la nyumbani, limejaa watu mpaka kwenye kiti cha kukunja, na sauti ya kike yenye adabu zote ikatangaza kutoka darini kwamba bwana Haule ni mtu hatari.

"Abiria aliyeketi nyuma ya dereva ametishia uhai wa dereva. Bima yako kubwa itasitishwa leo jua likizama. Ukitaka ibaki, tafadhali mkane abiria huyu."

Gari zima likanyamaza. Halafu wifi yangu Twilumba, ambaye hajawahi kuuacha ukimya ukapumzika, akageuka na kijora chake.

"Haule! Umeanza lini kuua watu na hukutuambia?"

"Nianze na nani wakati wewe bado uko hai?" Haule akajibu.

"Tishio la pili limerekodiwa," ikasema sauti.

Ngoja niseme alichokuwa amekisema Haule, msije mkadhani makubwa. Alipopanda, na kikapu chake chenye shuka la hospitali, alinitazama usoni akasema: "Mhehe, breki za gari hili nimezikata jana. Leo nakuzika mlima wa Ipogolo, rambirambi nakula mimi, na mbwa wako namchinja kabla hujamla wewe." Nami nikamjibu apande haraka, mla panya, kabla sijamuuza kwa kilo sokoni. Ndivyo tunavyosalimiana. Mimi Semeni Kikoti ni Mhehe, Longinus Haule ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha matusi. Mngoni akinipita barabarani bila kunitukana, narudi nyumbani kujiuliza nimemkosea nini. Mume wangu alipofariki, Haule ndiye aliyelala kwenye kaburi lililo wazi akigoma kutoka mpaka apewe jogoo, na siku ile nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Lakini Sikio halikujua hayo. Sikio ni kidude kidogo kama punje ya dengu, kimegandishwa kwenye dari ya gari, juu kidogo ya kioo cha dereva. Siku hizi bima si ile stika ya kubandika kiooni ukaisahau mwaka mzima. Inahuishwa kila siku, na kila gari lina komeo: bima ikifa, magurudumu yanajifunga, hata usukume na mtaa mzima. Na bei yake haipangwi na mtu. Inapangwa na Sikio, kwa namna linavyokusikia. Ukiendesha kwa upole na watu wako wakazungumza kwa upole, bei inashuka. Ugomvi, kelele, vitisho, inapanda. Kampuni yangu, Kinga Tulivu, walikuwa na tangazo lao la mama anayetabasamu peke yake barabarani. Peke yake! Mimi sijawahi kuwa peke yangu hata bafuni. Gari langu ni la shughuli: nabeba wapambe wa harusi, wafiwa, vyombo vya kukodi, kwaya, na siku za kliniki nabeba wagonjwa wa mtaa wetu.

Haule alikuwa mmoja wao. Zamani fundi wa mabati, anatengeneza majiko na mapipa, mtaa mzima unaujua mlio wa nyundo yake. Kisha figo zikamchoka. Sasa anakwenda hospitali kusafishwa damu, na akikosa safari chache tu, sina haja ya kuwaeleza.

"Wifi," Twilumba akaninong'oneza, "kumkana mtu maana yake nini?"

Niligusa kioo cha kuongozea pale kwenye dashibodi, sauti ikaeleza bila kuulizwa mara mbili. Alama ya sauti ya Haule ingepelekwa kwa kila Sikio la kila kampuni. Gari lolote atakaloingia, akikohoa tu, lisingeondoka.

"Hata gari la wagonjwa?" nikauliza.

"Magari yote yenye bima."

Haule akachukua kikapu chake akakiweka mapajani. 

* * *

Mchana ule nilimpeleka, kwa kuwa bima ilikuwa na uhai mpaka magharibi. Jioni nyumba ikafurika. Sikuwaita. Watu wa kwetu hawasubiri kuitwa palipo na habari nzito. Waliokosa viti walikalia madumu, na sufuria ya chai ilirudi jikoni sijui mara ngapi.

Nikaweka simu mezani, nikaipigia Kinga Tulivu. Ile sauti ya darini ndiyo iliyopokea. Twilumba akaibatiza pale pale: Dada Tuli.

"Nataka bima nyingine," nikasema. "Nitajie zilizopo, polepole, watu wanasikiliza."

"Bima ndogo," akaanza Dada Tuli, "inawalipa watu wa nje utakaowagonga, na mali zao. Haikulipi wewe, wala gari lako, wala abiria wako. Gari la abiria haliruhusiwi kutembea kwa bima ndogo pekee."

"Kwa hiyo nikimgonga mbuzi wa watu, mbuzi analipwa," nikasema, "ila Twilumba akivunjika mguu humu ndani, halipwi?"

"Ni sahihi."

"Yaani mbuzi kanizidi!" Twilumba akaruka. "Endelea, dada, endelea kunitukana."

"Bima kubwa inalipa vyote: watu wa nje, abiria, dereva, gari likigongwa, likiungua, likiibwa. Bima kubwa bila Sikio inapatikana pia." Kisha akataja bei yake.

Watu walipiga mbinja. Mtu wa dirishani akasema hiyo bei mpaka uuze figo.

"Msinitazame mimi," Haule akasema kutoka kwenye kona yake, "zangu mbovu."

Tulicheka, tena tulicheka vibaya, mpaka mwenye dumu akaanguka nalo. Na katikati ya kicheko kile nilimwona Haule hacheki. Alingoja tunyamaze.

"Nikane, Semeni," akasema.

Hakuniita Mhehe. Aliniita kwa jina langu, kama polisi.

"Acha upuuzi."

"Sio upuuzi. Gari hili likifungwa, wagonjwa wote wa mtaa wanabaki vitandani. Mimi ni mmoja. Hesabu yake iko wazi. Nitatafuta pikipiki."

"Pikipiki nazo zina Sikio kwenye kofia," mtu akasema taratibu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Wapo waliosema mtu mmoja asiwakwamishe wengi, na walisema kwa huruma, siwalaumu. Mmoja wao mama yake ni mgonjwa pia, nambeba mimi. Wapo waliosema leo Haule, kesho nani, kwa maana nani humu hajawahi kumwambia mwenzake nitakunyonga? Twilumba alikuwa upande huu, akahamia ule, akarudi. Mimi nilikaa nimekodolea macho kile kitufe chekundu kwenye kioo cha simu, kimeandikwa KANA. Kidole kimoja. Asubuhi gari linawaka, bei iko vile vile, kila mtu anafika. Kila mtu kasoro yule aliyenichekesha kaburini.

Na msidhani sikukisogelea. Nilikisogelea mpaka nikaona ukucha wangu ukiwa mwekundu kwa mwanga wake.

"Kuna njia nyingine?" nikauliza.

"Ipo safari ya uangalizi," akasema Dada Tuli. "Bima itabaki hai mpaka safari hiyo. Mbebe abiria huyo mara moja zaidi. Asipotamka tishio, bima itaendelea huku tukimfuatilia."

Nikamtazama Haule. "Unaweza kunyamaza?"

"Mngoni hashindwi na kitu," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

* * *

Alinyamaza. Jamani, alinyamaza!

Alipanda gari siku ya safari yake, akanisalimia "Habari za asubuhi, mama Kikoti," akakaa.  Na kwa kuwa yeye kanyamaza, wote wakaogopa kusema, kila mmoja akihofia neno lake lisije likamponza. Twilumba alikuwa na habari mbichi ya mchungaji na mpiga kinanda, niliiona ikimvimba mashavuni, akaimeza. Mgonjwa mmoja alipiga chafya akaomba radhi kwa dari.

Nimeendesha mlima wa Ipogolo miaka na miaka, naujua kona kwa kona. Siku ile niliukamata usukani kama mtu anayeng'ang'ania tawi. Nilikuwa nikimtazama Haule kwenye kioo badala ya barabara: kakunja mikono, kakodolea macho bondeni, kazeeka. Nikawa najiuliza kama ana hasira, kama anaumwa, kama ameshanihukumu. Niliporudisha macho mbele, mkokoteni wa nyanya ulikuwa umejaa kioo chote cha mbele.

Nikakanyaga breki, gari likapiga kelele, likasimama na nyanya moja tu juu ya boneti. Mwenye mkokoteni alinitukana kwa kirefu. Nilitaka kushuka nimkumbatie, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kusema kitu cha maana asubuhi ile.

Dada Tuli akasema, kwa ule upole wake: "Safari tulivu sana. Hongera. Bei yako imeshuka."

Nikalisogeza gari pembeni.  Karibu niue mtu, na mashine inanipongeza.

"Unasikia?" nikamwambia Haule nikigeuka. "Imeshuka!"

 Midomo ilimcheza, nikajua tusi limefika mlangoni. Akalirudisha. "Vizuri, mama Kikoti," akasema.

Basi nikajua siwezi. Sio kwa ushujaa. Ni kwamba nisingeweza kupanda mlima ule tena na maiti anayepumua nyuma yangu. Nilipomshusha hospitali nikagusa kioo cha dashibodi, nikapita KANA, nikapita vitufe vyao vyote vya kuniongoza huku na kule, mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: OMBA KUSIKILIZWA NA BINADAMU. Ilikuwa haki yangu kwa sheria ya bima. Ila walikuwa wameificha kama sukari ya mgeni.

* * *

Binadamu alikuja na gari dogo la kampuni, amevaa suti ya kijivu na raba nyeupe, ana kishikwambi kwapani. Dada mdogo kiasi, macho makali. Alipofika mlangoni alirudi nyuma hatua.

"Shikamoo mama. Samahani, kuna shughuli? Naweza kurudi."

"Marahaba mwanangu. Hakuna shughuli, hawa ni nyumbani tu. Mpisheni mgeni kiti. Sio hicho, hicho kimevunjika!"

Alipewa chai, akapewa viazi vya kuchemsha, akakataa, akala. Kisha akafungua rekodi za Sikio, akazitupia ukutani tukaziona wote: mistari miwili inayopanda na kushuka kama milima ya kwetu.

"Huu wa juu ni maneno," akasema. "Sikio lina orodha ya maneno ya hatari. Kuua, kukata breki, kuzika. Likiyasikia, mstari unapanda. Huu wa chini ni mapigo ya moyo. Viti vyenu vina nyuzi zinazoyapima."

"Viti vinatupima mioyo?" Twilumba akashika kifua. "Na mimi na habari zangu zote?"

"Hii ni safari aliyotishia kukata breki." Mstari wa juu ulipaa mpaka darini. Wa chini ulikuwa umelala kama paka. "Na hii ni safari tulivu." Juu hakukuwa na kitu, tambarare. Chini palikuwa na vurugu, miiba mitupu, na wangu ulikuwa mrefu kuliko yote.

Dada yule akainamia kishikwambi. Akasogeza picha nyuma, akaisogeza mbele.

"Sasa hiyo mashine haikuuona huo wa chini?" nikauliza.

Aliona haya kidogo. "Inauona. Ila ule wa chini... unatumika kupangia kiyoyozi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye.

"Bado lazima nijaribu mwenyewe," akasema akijikaza. "Taratibu zinataka safari ya majaribio, abiria wale wale. Twende mlimani."

"Twende. Ila hujatuambia jina, mwanangu. Hatuwezi kupanda gari na mtu asiye na jina."

"Imakulata," akasema. Akasita. Nilimwona akisita. "Imakulata Ngonyani."

Nyumba ililipuka.

"Ngonyani!" nikapiga makofi. "Mla panya kaja kukagua gari la Mhehe! Twilumba, funga kabati, hesabu vijiko! Na ile chai aliyokunywa, nairudishaje?"

"Mama, niko kazini," Imakulata akasema, amebana midomo.

"Yuko kazini! Tangu lini mtumwa wangu akapata kazi?"

Haule alikuwa amesimama kizingitini, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha. "Dada yangu," akamwambia, "vumilia. Hawa ndivyo walivyo. Wakishiba mbwa, wanabweka."

Tulipanda. Imakulata alikaa mbele, kishikwambi magotini, mgongo umenyooka kama wa mtahiniwa. Haule kwa nyuma, mimi usukanini, tulianza pale tulipoachia, tena na riba. Nilimwambia figo zake zimegoma kwa aibu ya kumtumikia Mngoni. Akaniambia akipata mpya ataomba ya Mhehe, kwa kuwa haijawahi kutumika kufanya kazi. Twilumba akaona mlango wazi, akaitema habari ya mchungaji na mpiga kinanda, yote, na majina. Gari likayumba kwa vicheko, lakini mikono yangu usukanini ilikuwa mepesi kama ya mtu anayepepeta mchele. Imakulata alitazama kishikwambi, akatazama mikono yangu, akatazama tena.

Pale kwenye kona kali, kwenye bonde, nilimgeukia kidogo. "Mtoto wa Songea, unaogopa? Nyie si mlikimbia kupitia bonde hili hili mlipoona moshi wa bunduki zetu?"

Aliweza kujizuia mpaka hapo. Alifunga kishikwambi.

"Mhehe," akasema polepole, "tazama mbele. La sivyo nakutupa bondeni kwa mikono yangu, gari nalipeleka Songea nikafugie kuku, na msiba wako nauhudhuria nimevaa nguo yako ya harusi."

"Abiria wa kiti cha mbele ametishia uhai wa dereva," ikasema dari. "Tafadhali mkane abiria huyu."

Na kitufe chekundu kikawaka kwenye kioo, na chini yake, kwa herufi nzuri: NGONYANI IMAKULATA, MFANYAKAZI.

Ilibidi nisimamishe gari. Imakulata alikuwa amelala juu ya dashibodi, analia kwa kucheka, wanja wote umeshuka mashavuni. "Nikane, mama," akawa anasema, "nikane, nirudi kwa miguu!"

* * *

Alilisafisha jina la Haule pale pale pembeni mwa barabara, alama yake ya sauti ikafutwa kabla haijafika popote, na akalisafisha na lake. Nilihisi kitu kikiniondoka mabegani ambacho sikuwa najua uzito wake mpaka kilipotoka. Haule alishuka akajifanya anaenda kukojoa. Alikaa huko kwenye majani muda mrefu kuliko haja.

"Nitaandika kwamba Sikio halielewi utani," Imakulata akaniambia akijifuta uso. "Watalifundisha. Baada ya muda litajua nani mtani wa nani. Utarudi kwenye bei yako nafuu."

Nikafikiria. Sikio likijua nani mtani wa nani. Sikio likijua na mchungaji, na mpiga kinanda, na nani moyo humdunda fulani akipanda gari.

"Na nisipotaka lijue?"

Akanitazama. Akashusha sauti, ingawa alikuwa ameshalizima lile dude. "Kuna kitu Dada Tuli huwa hakitaji, kwa kuwa haulizwi. Unachukua bima ndogo, unaiongezea kifungu cha abiria. Watu wa nje wanalipwa, na wa ndani wanalipwa, na wewe dereva umo. Haihitaji Sikio. Bei yake inazidi kidogo ile yako, sio sana, unaiweza. Sheria inaikubali kwa gari la abiria."

"Mbona rahisi? Kinakosekana nini?"

"Gari lenyewe. Likigonga mti, likiungua, likiibwa, hatulipi. Bati ni lako, mama. Watu ni wetu."

Nililitazama gari langu, rangi imechubuka ubavuni, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, boneti bado ina doa la nyanya. Ndani wote walikuwa wanazungumza kwa pamoja na hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake. Bati nalipenda, silifichi. Lakini fundi wa mabati ninaye.

"Lichomoe," nikasema.

Alipanda juu ya kiti na raba zake nyeupe, akalibandua kwa ukucha. Punje ya dengu. Aliiweka mfukoni, bima ya zamani ikafa, magurudumu yakajifunga, nami safari hii nikaweka kidole kwenye kioo mahali pa kukubali, na komeo likafunguka kwa mlio mtamu kuliko kengele za Jumapili.

Siku ya safari iliyofuata Haule alikuja na kikapu chake. Alisimama mlangoni pa gari akaangalia dari, kwenye kishimo kidogo cha gundi. Akaingiza kidole.

"Halisikii?"

"Halisikii."

"Hata kidogo?"

"Panda, bwana, watu wanachelewa damu zao!"

Akapanda. Akakaa, akapanga shuka lake, akakohoa. Gari zima likamgeukia, Twilumba wa kwanza.

"Mhehe," akasema, "nimesikia bati halina bima tena. Basi zile breki nilizokata, jana nimezirudisha."

Walicheka mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilicheka nao. Kisha, kabla sijaingia barabarani, nikazijaribu kwa siri, taratibu, kwa ncha ya mguu, kwa maana Mngoni ni Mngoni.

Zilishika.